Kulirudisha Jina la Scolastica

Simu ya Agapiti ilimkuta Scolastica akipepeta. Nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, pale Viwanja Sitini mjini Ifakara, kuna kibanda cha mabati ambamo wanawake hukaa na nyungo zao kutwa, wakitenga mchele na chenga, na vumbi la pumba huwaganda kwenye nywele, kwenye kope, hata kwenye ulimi. Aliibana simu kati ya sikio na bega. Ungo haukusimama.

"Jumamosi uje nyumbani," kaka yake alisema. "Wazee wamekaa. Jina litarudishwa upya."

"Jina gani?"

"Sko, usinifanye mtoto."

"Nakuuliza, Agapiti. Jina gani?"

Kule Idete, kijijini kwao, jogoo aliwika. Agapiti alivuta pumzi. "Lako. Wanasema tulipolirudisha mara ya kwanza halikupokelewa kwa sababu uliendelea kuliitika. Ndiyo maana mdogo wetu Omega ametutoka."

Hapo ungo ulisimama. Salha, mwanamke wa Mlabani aliyekaa naye kibandani misimu mingi, alimwona akiufinya ukingo wa ungo mpaka ukalia.

"Shoga," Salha alisema, "mchele wa watu huo, usiutie hasira. Utakuja kuungua jikoni kwa mwenyewe."

Wanawake walicheka. Scolastica hakucheka. Alikata simu, akaupepeta ule mchele mpaka ukawa hauna hata unyasi mmoja, kisha akaendelea kuupepeta.

Katika ukoo wa Mzee Kelestini, mtoto hapewi jina peke yake. Anapewa mtu. Ukiitwa kwa jina la marehemu, wewe ndiye marehemu aliyerudi. Watu wazima watakupisha kiti, na ugomvi wake wa zamani utaukuta unakusubiri. Scolastica alipewa jina la bibi yake, mama mzazi wa Kelestini, ambaye titi lake liligeuka jiwe, likageuka kidonda, likamuua. Utotoni jina hilo lilikuwa raha tupu. Baba yake akirudi shambani alisimama mlangoni, akavua kofia na kumwambia, "Shikamoo, mama," naye, meno ya mbele yakiwa yameng'oka, akaitika, "Marahaba, mwanangu," na nyumba nzima ikaangua kicheko.

Kisha akafa Scolastica mwingine. Huyu alikuwa binti wa baba mkubwa, mkubwa kwake kwa umri, mwenye jina la bibi huyohuyo. Alikufa kwa ugonjwa uleule, akiacha mtoto anayenyonya. Scolastica wawili, kifo kimoja. Wazee wakakaa, wakatazamana, wakaafikiana kwamba ugonjwa unaishi ndani ya jina.

Hawakuwa wajinga, na hilo ndilo lililomchoma Scolastica miaka yote. Wazee walewale walitazama mawingu juu ya milima ya Udzungwa wakajua ni majaruba gani yatafunikwa na maji. Waliona, kabla daktari yeyote hajawaambia, kwamba kuna kitu kinashuka ndani ya ukoo ule kutoka kwa mtu hadi mtu. Katika hilo walikuwa sahihi kabisa. Walikosea kilipokaa. Na kosa lao lilikuwa zuri kwao, maana lilimtwisha mzigo msichana mmoja, wengine wote wakalala usingizi.

Alipokuwa binti wa miaka kumi na tisa walimpeleka kaburini kwa bibi yake. Baba yake alisimama mbele, kifua wazi, shuka jeupe kiunoni, kwa sababu kwao anayesema na wafu havai kitu kifuani. Ni lazima wamwone kwamba hafichi neno. Alimwaga unga wa mtama na maji, akasema, "Mama, tunakurudishia jina lako. Tuachie mtoto." Kisha wakamgeukia wakamwambia kwamba kuanzia siku hiyo yeye ni Edna.

Scolastica hakuitika. Wakimwita Edna aliendelea kuchota maji kana kwamba wanamwita jirani. Lakini habari ilikwisha kusambaa. Nazari, kijana aliyekuwa akiendesha pawatila za watu, trekta ndogo za mkono, msimu wa kulima, ambaye alikwisha kupeleka posa, alimtuma mama yake. Yule mama alikaa kwenye mkeka, akanywa maji, akasema kwa upole, "Sisi hatuna ugomvi na ninyi. Ila titi la kuwanyonyesha wajukuu wetu tunalitaka zima."

Kwa upole! Angetukana, Scolastica angekuwa na cha kujibu.

Alihamia Ifakara mjini. Hakuolewa. Kila alipooga, mkono wake ulipita kifuani kama mkono wa askari anayepekua mtuhumiwa. Alipekua mwaka baada ya mwaka, ujana wake ukaishia bafuni.

Omega hakupekuliwa na mtu. Alikuwa kitindamimba, mcheshi, mwenye sauti ya kuongoza kwaya ya kigango, na jina lake halikutoka kwa marehemu yeyote. Baba alimwita hivyo kwa sababu alisema huyu ndiye mwisho, amechoka. Uvimbe ulipotokea, alimpigia dada yake simu akicheka. "Maziwa yameganda tu, dada. Mimi si Scolastica, bwana." Alipomwonyesha baba, naye alimwambia hivyohivyo: jina hilo si lako, mwanangu, usihangaike. Wakamkanda kwa maji ya moto. Wakambandika majani. Mpunga ukapandwa, ukapaliliwa, ukavunwa, na siku Scolastica alipokwenda mwenyewe kumchukua kwa nguvu, kile alichokiona chini ya blauzi alikijua kutokana na hadithi za utotoni. Jiwe lilikwisha kuwa kidonda.

Daktari aliyewapokea hospitalini alikuwa mwanamke mwembamba asiyependa kuzungusha maneno. Aliuliza nani mwingine aliugua. Scolastica akataja bibi, akataja binti wa baba mkubwa.

"Hao wote ni upande wa baba?"

"Ndiyo. Lakini baba ni mwanamume, daktari."

"Baba naye alizaliwa na mwanamke." Alivuta kiti karibu. "Sikiliza. Mwilini kuna vinasaba ambavyo kazi yao ni ya fundi. Seli ikichanika, vinaishona. Sasa inawezekana katika familia yenu kimojawapo kina hitilafu, na baadhi yenu mmezaliwa nacho. Kila mtu huchukua nusu ya vinasaba vyake kwa mama, nusu kwa baba. Baba akiwa nacho kile kibovu, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kukipata, wa kike na wa kiume sawasawa. Mwenye nacho si lazima augue, ila hatari yake inakuwa kubwa sana kuliko ya mtu mwingine."

"Na jina?"

"Jina gani?"

Scolastica alimweleza. Daktari hakucheka, na kwa hilo Scolastica alimheshimu. Alisema tu, "Hakiulizi mtu anaitwa nani."

Kulikuwa na mradi wa utafiti uliokuwa ukipokea damu za familia kama yao. Walichukua ya Omega kwanza, kwa kuwa ndiye mgonjwa, kisha ya Scolastica. Damu ikaenda Dar es Salaam, na huko ikapelekwa nje ya nchi. Majibu yaliporudi, Omega alikwisha kuzikwa. Omega alikuwa nacho.

"Wewe huna," daktari alimwambia Scolastica. "Hatari yako ni ya mwanamke yeyote. Usiache kujichunguza. Lakini hiki cha kwenu hukukirithi."

Mwingine angepiga magoti akamshukuru Mungu. Scolastica alitoka nje akakaa kwenye ngazi za hospitali, na watu walimpisha kwa sababu uso wake ulitisha. Alimfikiria Nazari. Aliwafikiria watoto ambao hawakuzaliwa. Walimwosha ugonjwa ambao hakuwa nao, hadharani, kwa unga na maji, na aliyekuwa nao alikuwa amesimama pembeni siku ile, mtoto mdogo wa miguu mitupu, ameshika kibuyu cha maji.

Ijumaa jioni alifika Idete. Mzee Kelestini alikuwa barazani, shati la mikono mirefu limefungwa hadi shingoni ingawa joto lilikuwa la kuyeyusha mshumaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Edna."

"Edna hajaja, baba. Nimekuja mimi."

Mzee aligeuza uso upande wa shamba. Alikuwa amekonda. Scolastica alidhani ni msiba.

Jikoni alimkuta Devota, mtoto wa kwanza wa Agapiti, akiparua samaki. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mrefu, mwenye kicheko cha Omega. Watu wa kijiji cha Mbingu walikwisha kuleta barua ya posa na wiki iliyofuata walitarajiwa kuja na mahari. Waliongea habari za mjini, habari za mashine, habari za Salha. Kisha Devota akaacha kisu.

"Shangazi, usipige kelele."

"Sijapiga."

"Kuna kitu hapa." Alijigusa chini ya kwapa, kando ya titi. "Kama kunde. Hakiumi."

Scolastica aliweka mkono. Ile kunde ilikuwepo.

"Baba yako anajua?"

"Anajua. Anasema nikienda hospitali sasa, watu wa Mbingu watasikia na posa itavunjika. Anasema ukirudisha jina kesho kwa moyo mmoja, kitayeyuka chenyewe." Macho ya Devota yalijaa. "Utarudisha, shangazi? Maana kama ni kweli…"

Hilo ndilo lililompandisha Scolastica hasira hadi akasikia masikio yakivuma. Kosa la zamani lilikuwa limepata shingo nyingine ya kukalia. Alimkuta Agapiti nyuma ya nyumba akifunga turubai juu ya mpunga.

"Jumatatu Devota anakwenda nami hospitali."

"Haendi. Mahari ipite kwanza."

"Omega naye alisubiri mavuno yapite kwanza."

"Omega alikufa kwa sababu yako!" Agapiti alirusha kamba chini. "Ungekubali kuitwa Edna, lipi lingekupungukia?"

"Damu yangu imepimwa, Agapiti. Mimi sina. Omega alikuwa nacho, na kimetoka kwa baba. Huenda nawe unacho. Ukiwa nacho, kila mtoto wako ana nafasi nusu kwa nusu."

Kaka yake aliliegemea turubai. Alipoongea, sauti ilikuwa ya mtu aliyepigwa. "Unasema mimi nimempa mwanangu saratani?"

"Hujampa. Kimepita tu kwako. Hukukiomba."

"Mimi mwanamume, Sko."

"Na baba ni nini?"

"Umekaa kwenye mashine mpaka pumba zimekuingia kichwani," alisema, akaokota kamba. "Kesho utarudisha jina. Basi."

Asubuhi, jua likiwa limeshaanza kuchoma, walikwenda makaburini. Hawakuwa wengi: Agapiti na mke wake, Devota, baba mdogo Ildefonce, shangazi mmoja mzee asiyeona vizuri. Kesho yake ilikuwa Jumapili na wote wangeketi kanisani kama kawaida, padri asijue. Kaburi la bibi lilikuwa limefyekwa. Pembeni yake kulikuwa na la Omega, udongo bado haujakaa sawa.

Mzee Kelestini alisimama mbele, bakuli la unga mkononi, shuka jeupe kiunoni. Juu ya shuka, shati. Vifungo vyote.

"Kaka," Ildefonce alinong'ona. "Shati."

"Kuna baridi."

Jasho lilikuwa likimtiririka kutoka kwenye paji hadi kidevuni. Ildefonce alitazama jua, akamtazama kaka yake.

"Baridi ya wapi, kaka? Kusema na mama na shati! Hata baba hakuthubutu."

"Nimesema kuna baridi. Edna, sogea."

Scolastica alisogea. Alikuwa amekuja na maneno yake, ameyapanga tangu kwenye basi, maneno ya vinasaba na nusu kwa nusu. Yote yalimtoka. Alikuwa ameliona lile shati kwa karibu. Upande wa kushoto kitambaa kilikuwa kimegandia mwilini, na pale kilipogandia palikuwa na doa la rangi ya chai.

"Vua, baba."

"Rudi ulipokuwa."

"Vua. Unasema na mama yako. Unamficha nini?"

Aliushika mkono wa baba yake, ule mkono uliowahi kuvuta ng'ombe kutoka kwenye tope, nao ulikuwa mwepesi kama ubua. Mzee alipinga kidogo, kisha akaacha. Scolastica alifungua vifungo kimojakimoja, akalivua shati. Chuchu ya kushoto ilikuwa imezama ndani, ngozi imekunjamana kuizunguka, na kando yake kidonda kimefungua mdomo.

Kila aliyekuwapo alikijua kidonda kile. Walikwisha kukiosha, walikwisha kukifunga vitambaa, walikwisha kukizika.

"Ni jipu," Mzee Kelestini alisema.

"La tangu lini?"

Mzee alinyoosha mkono kulichukua shati.

"La tangu lini, baba? Omega alipokuja kukuonyesha lake, ulikuwa nalo?"

Mzee alitazama udongo wa kaburi jipya. "Ningesema nini?" alisema hatimaye. "Kwamba mzee mzima ameota titi? Wangenicheka mpaka Mlimba."

Yule shangazi mzee, ambaye alikuwa ameelezwa sikioni kinachoendelea, aliangua kicheko kifupi cha ajabu, kisha akaanza kulia kwa sauti.

Scolastica hakulia. Alisimama na lile shati mkononi na sauti yake ikatoka ndogo, kavu, kila mmoja akaisikia. "Ulijua. Ulikuwa umelala nalo usiku kucha, unaliosha mwenyewe, na asubuhi ukamwambia mtoto wako asihangaike kwa kuwa haitwi Scolastica. Na wewe je? Wewe unaitwa Kelestini, baba. Haya, sema. Leo tunarudisha jina gani?"

Upepo uliinua unga kidogo kutoka kwenye bakuli. Ildefonce, bila kujijua, alikuwa ameingiza mkono ndani ya shati lake mwenyewe, anajipapasa. Agapiti hakumtazama baba yake wala dada yake. Alimtazama Devota, na alimtazama muda mrefu, kama mtu anayejaribu kumkumbuka.

"Bakuli hilo liwekeni chini," Agapiti alisema. Kisha, kwa dada yake, bila kuinua macho: "Hiyo Jumatatu. Saa ngapi?"

"Mapema."

"Watu wa Mbingu watasikia," mke wake alinong'ona.

"Wasikie," alisema Devota. "Wakitaka kugeuka, wageuke sasa, kabla sijawapikia."

Jumatatu walikaa kwenye benchi la kliniki ya matiti, wanawake kushoto, wanawake kulia, na katikati yao mwanamume mmoja, Mzee Kelestini, kofia magotini. Wanawake walimtazama kwa pembe ya jicho. Mmoja alimwuliza kama amemsindikiza mke. Mzee alikohoa.

Devota aliitwa wa kwanza. Alisimama, akamtazama baba yake. Agapiti akasimama pia, mtu mkubwa yule, akamfuata mwanawe hadi mlangoni akiwa ameshika mkoba wake wa kike kama anayebeba yai. Daktari mwembamba aliwapokea wote wawili. Mlango ulifungwa. Ile kunde ilikuwa nini, bado hakuna aliyejua. Lakini safari hii ilikuwa kunde, haikuwa jiwe. Scolastica alijirudia hilo, na kila aliporudia alimwona Omega, na hasira ikarudi mahali pake.

Hakukaa. Alisimama ukutani, mbali na baba yake, mikono imekunjwa.

"Kelestini!" nesi aliita kutoka mlango wa pili. Macho yake yalipita kwenye benchi, mwanamke baada ya mwanamke. "Kelestini yupo? Mama Kelestini?"

Kicheko kilipita kwenye benchi kama upepo kwenye mpunga. Ndicho hasa kicheko ambacho Mzee alikiogopa hata akaficha kidonda chini ya shati, na kumzika binti yake. Kilidumu muda wa kupiga chafya, kikaisha. Yule aliyemwuliza habari za mke alisogeza miguu apite. "Twende, babu," alisema. "Hapa wote tumo."

Mzee alijaribu kuinuka, akakaa tena. Akamgeukia binti yake pale ukutani.

"Scolastica," alisema. Hakuwa amemwita kwa jina hilo tangu siku ile ya kwanza ya kaburini. "Nipe mkono niinuke."

Aliacha jina hilo likae hewani kidogo, wote walisikie. Kisha akampa mkono. Hakumpa kingine.